Skrini Sita za Makumbusho ya Mwatu

Nzi ndiye aliyemsimamisha Inspekta Kavata Musyimi.

Alikuwa amekwisha kugeuka ili atoke kwenye chumba cha maonyesho wakati nzi huyo alipotua juu ya skrini ya tatu, pale penye picha ya mzinga wa nyuki, na picha ikafunguka kana kwamba imebonyezwa na mtu. Ukaja ukurasa mpya: namna mzinga unavyochongwa, kuanzia kukata gogo. Nzi akaruka, akatua chini kidogo. Ukurasa mwingine ukafunguka.

"Huwa inafanya hivyo?" Kavata akauliza.

"Kila siku," akasema Ndinda Munyao, msimamizi wa Makumbusho ya Mwatu, jina la Kikamba la mzinga. "Tulidhani ni joto."

Kavata alirudi akasimama mbele ya skrini ile. Chumbani zilikuwamo sita, kila moja juu ya stendi yake ya chuma, zimejipanga kando ya ukuta kama wanafunzi kwenye gwaride. Tano zilikuwa zimezimwa na kuzungushiwa utepe wa polisi. Hii ya tatu iliwaka kwa waya wa muda uliowekwa asubuhi hiyo na fundi wa umeme kutoka Kitui, naye alikuwa ameukagua mara mbili kabla ya kuondoka. Ya nne ndiyo iliyomuua Kanini Ndolo.

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita. Kanini, mama wa watoto watatu, ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni katika makumbusho hayo madogo ya jamii hapo Kwa Vonza, na ndiye aliyefagia na kupangusa. Jumatatu asubuhi alipitisha kitambaa chenye maji kwenye skrini, mkono wake mwingine ukiwa umeshika stendi, na hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Ripoti ya mhandisi ilikuwa na kurasa nne, lakini maana yake ilikuwa fupi. Waya uliochubuka nyuma ya skrini ulikuwa umegusa chuma cha stendi. Jengo zima halikuwa na waya wa kupeleka umeme ardhini, wala swichi ya kuukata umeme hatari inapotokea. Kama vitu hivyo viwili vingekuwepo, Kanini angeshtuka, taa zingezimika, naye angeenda nyumbani jioni kama kawaida.

Swali alilopewa Kavata lilikuwa jepesi kulitamka: nani aliyefanya vitu hivyo visiwepo? Kwa kamati ya makumbusho, jibu lilikuwa Ndinda. Sahihi yake ilikuwa chini ya bajeti.

Kavata alichomoa penseli ya mbao mfukoni, akaisogeza kwenye skrini polepole. Kabla ncha haijagusa kioo, ukurasa ukageuka.

"Koplo, hebu nisomee mkataba unasema nini kuhusu hizi skrini."

Koplo Mwau, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na ambaye hakuharakishwa na mtu, alivaa miwani kwanza. "Skrini sita, mpya, za inchi hamsini na tano, zenye kioo kigumu, zinazohisi ngozi ya kidole. Laki tano na elfu ishirini kila moja. Zote, milioni tatu laki moja na elfu ishirini."

"Penseli haina ngozi," Kavata akasema.

Alipapasa ukingo wa skrini kwa kucha. Fremu nyeusi iliyoizunguka ikaachia upande mmoja, ikining'inia kwa uzi wa gundi. Kwa ndani, vitone vidogo vya kioo vilikuwa vimepangwa mstari mmoja pande zote nne. Kavata alikuwa amewahi kuona fremu za namna hiyo katika kesi ya shule moja huko Mwingi. Zilitoa miale isiyoonekana kutoka upande hadi upande, na chochote kilichokatiza miale hiyo, kidole au mguu wa nzi, fremu ilikichukua kama mguso. Chini ya fremu ilibaki televisheni ya kawaida, ya kutazamia mpira.

Ndinda alikuwa ameshika kiuno. "Hiyo mimi sikujua, Madam."

"Nani alizipokea siku zilipoletwa?"

"Mwalimu Mbaluka, mwenyekiti wetu. Mimi nilikuwa Nunguni kwa wazee, tunarekodi sauti."

Koplo Mwau alikuwa ameokota rimoti kwenye droo na sasa alikuwa akiteremka kwenye menyu, midomo yake ikisoma kila neno. "Inspekta," akaita. "Televisheni hii inakumbuka waifai mbili. Moja ni ya hapa. Hii ya pili inaitwa Masafa Lounge."

"Kuna mahali hapa Kwa Vonza panaitwa hivyo?"

"Hakuna," Ndinda akajibu haraka. Kisha akarudia, "Hapa hakuna."

Kavata aliandika jina hilo. Aliandika pia kwamba Ndinda alijibu mara mbili.

Stoo ilikuwa nyuma, karibu na tangi la maji. Humo walikuta maboksi sita membamba yaliyokunjwa na kusukumwa nyuma ya mizinga mizee. Kwenye kila boksi palikuwa na stika ya duka: Farouk Elektroniki, Kitui.

*

Ofisi ya Ndinda ilikuwa na meza moja na kabati moja, na kila karatasi ilikuwa mahali pake. Kavata hakupenda sana ofisi nadhifu. Alikuwa ameona nyingi zilizopangwa usiku wa kuamkia siku ya polisi kuja.

Alitandaza bajeti mbili. Ya kwanza, ya Februari, ilikuwa na vipengele saba. Ya pili, iliyotumwa kwa mfadhili mwisho wa Machi, ilikuwa na vipengele vinne. Jumla ya kila moja ilikuwa milioni tano kamili.

"Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona bajeti," akasema.

"Mfadhili alitupa milioni tano. Hakuna shilingi juu ya hapo." Ndinda aliongea akiangalia karatasi. "Mwanzo tulitaka skrini za inchi arobaini na tatu, laki tatu na elfu kumi kila moja. Ndogo, za chini, ndio mtoto wa nasari pia afikie. Pesa iliyobaki ilikuwa ya stendi, programu, kurekodi wazee, kazi ya umeme, mafunzo ya wafanyakazi, na matengenezo ya miaka miwili."

"Halafu?"

"Halafu tarehe kumi na mbili Machi Mwalimu akaja kwa mkutano na futi ya fundi. Akapima ukuta mbele ya kila mtu. Akasema shule ikileta watoto arobaini, wale wa nyuma hawataona kitu. Kamati ikapitisha inchi hamsini na tano."

"Na bei ikapanda."

"Kwa milioni moja laki mbili na elfu sitini. Vipengele vingine vikaondolewa ndio ilingane."

Kavata alivihesabu kwa kidole. Matengenezo, laki sita. Mafunzo, laki mbili na elfu ishirini. Kazi ya umeme, laki nne na elfu arobaini. Waya wa Kanini ulikuwa ndani ya hiyo laki nne na elfu arobaini.

"Kwa hivyo aliyepandisha ni Mwalimu Mbaluka."

"Ndio. Imeandikwa kwenye kitabu cha mikutano."

Kitabu kililetwa. Tarehe kumi na mbili Machi, kama alivyosema. Kavata akaomba na kotesheni tatu za bei zilizoshindanishwa. Moja ilikuwa ya duka la Farouk, moja ya duka la Machakos, na ya tatu, iliyoshinda, ilikuwa ya kampuni yenye sanduku la posta Nunguni na namba ya simu ambayo haikupatikana tangu Kanini afe. Alizisoma mara moja, akazisoma tena, kisha akamsogezea Koplo Mwau.

Koplo alivua miwani. "Zote tarehe nne Machi."

"Na zote zinauza skrini za inchi ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Siku nane kabla ya ukuta kupimwa," Kavata akasema.

Ndinda alizichukua karatasi zile, akazitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Uso wake haukuonyesha mshangao. Ulionyesha kitu kilichofanana na nafuu.

*

Farouk Abdulatif alikuwa na duka pana Kitui mjini, babu yake ndiye aliyelifungua akiuza vitambaa. Mjini watu walikuwa wameshamhukumu: nani mwingine Kitui nzima angeuza mitambo ya namna hiyo? Vijana wawili walikuwa wamepiga mawe mlango wake wiki iliyopita, na kioo kimoja kilikuwa bado kimezibwa kwa mbao.

"Makumbusho sijawauzia hata nyaya, afande," akasema kabla hajaulizwa.

Kavata aliweka boksi lililokunjwa juu ya kaunta, stika ikitazama juu.

Farouk aliliangalia. Alimwambia msichana wa kaunta aende akanywe chai, akangoja mpaka mlango ukafungwa.

"Fremu sita niliuza," akasema. "Lakini si kwa makumbusho. Mama mmoja alipiga simu, akasema ni za shule. Elfu arobaini na tano kila moja. Pikapu ikaja ikachukua."

"Jina lake?"

Alitafuta kwenye simu, akarudi nyuma miezi mitatu ya ujumbe wa M-Pesa. Tarehe ishirini na sita Februari. Laki mbili na elfu sabini, kutoka kwa Kasyoka.

"Na hii?" Kavata akamwekea kotesheni yake.

Hapo Farouk alikaa chini. "Hii ni yangu. Mwalimu Mbaluka alinipigia Machi, katikati ya mwezi. Akasema wanahitaji karatasi ya tatu ili faili ikamilike, kazi ishapewa mtu. Akanipa ukubwa wa skrini, na akaniambia niweke tarehe nne."

"Ukaweka."

"Nikaweka. Amefundisha nusu ya watu wa hapa, afande. Mtu kama huyo akikuomba karatasi unampa, unasahau."

"Una ujumbe wowote wa kuonyesha hayo?"

"Alipiga. Hakuandika."

"Basi tuna neno lako peke yake, na sahihi yako juu ya tarehe ya uongo."

Farouk alikubali kwa kichwa. "Najua inavyoonekana. Kama ningekuwa nadanganya, Inspekta, si ningesema tarehe nne ni ya kweli?"

Kavata alimwachia karatasi ya kuandika maelezo, akamwambia asitoke nje ya Kitui, na kutoka kwenye gari alipiga simu tatu kuuliza kama kuna mtu amewahi kusikia Masafa Lounge. Wa tatu alicheka. Alisema alipoteza mshahara wa mwezi mzima hapo akibashiri mpira, huko Kibwezi, kabla mwenye jengo, mama aitwaye Kasyoka, hajafunga.

*

Walishika barabara ya Kitui kwenda Kibwezi na kufika saa tisa mchana, jua likiwa kali na maembe ya mwisho ya msimu yakiuzwa kwa ndoo kando ya lami. Jina la Masafa lilikuwa limepakwa rangi nyeupe, lakini herufi zilionekana bado chini yake. Ndani palikuwa pameshakuwa duka la mabomba ya kunyunyizia mashamba. Mwenye jengo alikuwa mama mnene wa miaka sitini hivi, aliyevaa leso ya kanisa kichwani, na Kavata alipomwita kwa jina hakuuliza wamelijuaje.

"Nilijua mtu atakuja," Kasyoka akasema. "Nilifikiri ni wa kodi."

Aliwakalisha kwenye viti vya plastiki. Kavata hakutaka kuanza na kifo. "Mwaitu," akamwita, mama kwa Kikamba, "ulikuwa na televisheni hapa."

"Sita. Marehemu mume wangu ndiye alinunua, watu waangalie mpira. Alipokufa nikafunga. Mimi ni mtu wa kanisa, sikuipenda hiyo biashara."

"Uliziuza kwa nani?"

Kasyoka alikunja upindo wa leso. "Kwa mtu wa familia."

"Ana jina?"

"Mwanangu, huyo mtu ndiye alisimamia mazishi ya mume wangu. Watoto wangu wanamwita baba."

Koplo Mwau alikuwa ameondoka mlangoni na sasa alikuwa akiangalia ukuta wa nyuma, palipobaki mashimo ya misumari katika makundi sita.

"Hukusikia televisheni hizo zilienda wapi?" Kavata akauliza.

"Aliniambia ni za shule ya Jumapili. Zile fremu pia, alisema simu yake ina shida, nimpigie mwenye duka, nilipe mimi, akanirudishia siku ya pili."

"Moja ilimuua mwanamke Kwa Vonza. Waya wa nyuma ulikuwa umechubuka."

Mteja aliingia, akaulizia koki, akaambiwa arudi kesho. Alipotoka, mama yule aliinuka, akaenda nyuma ya kaunta, akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Huo waya ulikuwa umetafunwa na panya," akasema. "Nilimwambia. Nikamwambia moja ina waya mbaya, aibadilishe kabla ya kutumia." Alifungua ukurasa, akaweka kidole. "Ishirini Februari. Televisheni sita, elfu ishirini na nane kila moja. Hiyo ni sahihi yake. Anaandika vizuri, ni mwalimu."

Sahihi ilisomeka bila taabu: J. Mbaluka.

"Ni shemeji yangu," Kasyoka akasema. "Ndugu ya mume wangu. Sasa nitamwangalia nani kwa macho?"

*

Mwalimu Mbaluka alifika kituoni Kitui kesho yake saa mbili na robo, robo saa baada ya muda aliopangiwa, na akamwomba radhi Koplo Mwau mlangoni. Alikuwa mrefu, amenyooka, suti ya kahawia imepigwa pasi. Aliweka kofia juu ya meza, akakaa bila kuegemea.

"Nimekuja kusaidia," akasema. "Kanini alikuwa mwanafunzi wangu darasa la sita."

"Pole, Mwalimu." Kavata alimsogezea kotesheni tatu. "Nisomee tarehe."

"Nne Machi. Zote."

"Na kitabu cha mikutano?"

"Kumi na mbili."

"Tarehe nne kamati ilikuwa inataka skrini za inchi ngapi?"

Mbaluka alitabasamu kidogo. "Ah. Hapo pana makosa ya kuandika. Mambo ya ofisi ndogo, Inspekta. Ndinda ndiye anaweka faili."

"Maduka matatu yalikosea tarehe moja?"

"Farouk ukimwambia aandike lolote ataandika. Watu wa biashara ni hivyo."

"Nani alimwambia?"

"Sijui. Muulize Ndinda."

Ilikuwa mara ya pili kumtaja Ndinda. Kavata aliandika. Alimwacha aeleze habari za kamati, za ugumu wa kufanya kazi na wafadhili, za vijana wasioheshimu taratibu. Alipomaliza, Kavata alitoa nakala ya ukurasa wa daftari la bluu, akaigeuza ili aisome.

Mkono wa Mbaluka ulikwenda kwenye kofia, ukabaki hapo.

"Ishirini Februari ulikuwa na televisheni sita nyumbani kwako," Kavata akasema. "Makumbusho yalikuwa bado yanataka skrini ndogo. Hukupima ukuta ili ujue skrini ipi itafaa. Ulipima ukuta ili kamati ikubali zile ulizokuwa nazo. Ulitumia laki nne na elfu thelathini na nane, televisheni pamoja na fremu. Makumbusho yakalipa milioni tatu na zaidi, kwa kampuni yenye sanduku la posta Nunguni. Wewe ulifundisha Nunguni miaka kumi na minne. Jana jioni posta walinijibu hilo sanduku ni la nani. Nikusomee?"

"Hapana," Mbaluka akasema.

Koplo Mwau aliandika hilo pia.

Mbaluka alipofungua mdomo tena, sauti yake ilikuwa imepungua, lakini haikutetemeka.

"Pesa nitarudisha. Nina shamba. Hilo mniandikie, nitatia sahihi. Lakini damu msinipake."

"Shemeji yako alikuambia waya mmoja ni mbaya."

"Nilimpa fundi aangalie. Alisema amefunga kwa tepu." Alipandisha macho. "Hata waya ukiwa mbaya, Inspekta, si mhandisi wenu ameandika kwamba kama jengo lingekuwa na waya wa ardhini mtu hangekufa? Nimesoma ripoti. Basi tafuteni nani aliondoa huo waya kwenye bajeti. Si mimi."

"Ulipandisha bei. Kitu kilikuwa lazima kitoke."

"Kitu, ndio. Mimi nilisema matengenezo na mafunzo yatoke, hiyo ni kweli. Ikabaki laki nne na elfu arobaini. Kwenye bajeti kulikuwa na vipengele viwili vya bei hiyo moja. Kazi ya umeme, na kurekodi wazee. Nilimwambia msimamizi atoe kimoja. Sikumwambia kipi."

"Neno lako hilo."

"Safari hii niliandika," Mbaluka akasema. "Angalieni simu yangu. Na muangalie alivyojibu."

Kavata aliangalia. Ujumbe ulikuwa pale, wa tarehe ishirini na nne Machi, na jibu chini yake, lililotumwa baada ya dakika thelathini na nane. Lilikuwa na maneno mawili: *Nimetoa umeme.*

*

Ndinda alikuwa amekaa kwenye benchi ya ukumbi tangu saa mbili. Aliitwa aje atie sahihi ya kurudishiwa funguo za makumbusho, zilizokuwa zimechukuliwa na polisi, na habari kwamba Mwalimu yuko ndani ilikuwa imeshamfikia. Alisimama Kavata alipotokea, begi begani, tayari kwenda nyumbani.

"Ingia kidogo," Kavata akamwambia.

Walikaa kwenye chumba kidogo cha pili. Koplo Mwau alibaki amesimama.

"Kazi ya umeme. Nani aliitoa kwenye bajeti?"

Ndinda aliteremsha begi, akaliweka sakafuni kati ya miguu yake. Hakuuliza nani amesema.

"Mimi."

"Jana tulikaa na hizo karatasi saa nzima."

"Uliniuliza nani alipandisha, Madam. Hukuniuliza nani alitoa."

"Nakuuliza sasa."

"Kulikuwa na mzee Nunguni," Ndinda akaanza. "Miaka tisini na minne. Kila ukoo una alama yake unachonga kwa mzinga, ndio mtu akikuta mzinga msituni ajue ni wa nani. Alama zingine hakuna mtu anazijua tena. Yeye alikuwa anazijua zote, na hadithi ya kila moja. Alikuwa mgonjwa. Watu wake walinipigia wakaniambia kama nataka kumrekodi, nisingoje. Nikakaa na ile simu. Nikasema waya unaweza kungoja. Mwaka ujao tutaomba pesa tena, tutaweka waya. Mzee hawezi kungoja."

"Mlimrekodi?"

"Siku sita. Alikufa siku nne baada ya sisi kumaliza."

Nje mtu alikuwa akibishana na askari wa zamu kuhusu mbuzi. Kavata alingoja kelele zipungue.

"Ulijua jengo halina waya wa ardhini?"

"Fundi wa stendi aliniuliza uko wapi. Nikamwambia utakuja."

"Kanini alijua?"

Ndinda alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamefika lakini hakuyafuta, wala hakuinamisha uso. "Nilikuwa nimwambie asitumie maji. Kila siku nilikuwa nimwambie. Halafu wageni wanakuja, unasahau. Siku ya mazishi mama yake alinishika mkono akaniambia asante kwa kumpa mtoto wangu kazi."

Koplo Mwau alitazama dirishani.

Kavata alikuwa amekuja Kitui na jina moja la kamati na jina moja la mjini, na yote mawili alikuwa ameyaona ni ya kusingiziwa. Tangu jana jioni alikuwa na jina alilolipata mwenyewe, la Mwalimu, limethibitishwa kwa tarehe na daftari na sahihi, na aliendesha gari kutoka Kibwezi akijua ripoti itaanzaje. Mwizi alikuwa amepatikana. Bila wizi wake pesa za waya zingekuwepo, na bila televisheni zake waya uliochubuka usingekuwepo. Hayo yote yalikuwa kweli na yangebaki kweli mahakamani. Lakini jibu la dakika thelathini na nane lilikuwa pia kwenye faili, na aliyeliandika alikuwa mbele yake.

Alichukua karatasi ya maelezo, akaiweka mezani pamoja na kalamu.

"Unaweza kungoja wakili," akasema. "Una haki hiyo. Na hulazimiki kuandika lolote leo."

"Nitafungwa?"

"Sijui. Hilo si langu kuamua, na singekudanganya."

"Mwalimu yeye?"

"Mwalimu atashtakiwa."

Ndinda aliivuta karatasi karibu. Aliiandikia tarehe juu, upande wa kulia, kwa mwandiko ule ule nadhifu wa kwenye mafaili yake. Kalamu ikasimama hewani. Kavata alidhani ataomba wakili, na kwa mara ya kwanza katika kesi hiyo alitamani mtu amwombe kitu.

Kisha Ndinda akainama, akaandika mstari wa kwanza, akaigeuza karatasi ili Inspekta ausome kabla hajaendelea.

*Mimi, Ndinda Munyao, nilijua.*